Shemeji na Punje Zake

Mtu aliyetoka kufanyiwa operesheni hana sauti. Kila anayeingia na mfuko wa machungwa ni daktari wake. Mimi nimepasuliwa henia, nimeshonwa, nimerudishwa nyumbani na panadol na ibuprofen, nikaambiwa nimeze kwa saa, nisisubiri maumivu yapande. Maelekezo mepesi kabisa. Haya, jaribu kuyafuata mbele ya shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, alikuja na kichupa kilichoandikwa Arnica 30C, ndani mna punje nyeupe kama za kuchezea watoto. "Shem, achana na makemikali hayo, yatakumaliza figo. Hizi ni za asili." Kwenye figo ana hoja kidogo, ndiyo maana daktari alinihoji kwanza habari za figo, presha na vidonda vya tumbo kabla ya kuniandikia ibuprofen. Shemeji hakuhoji kitu.

Hiyo asili ni ua la njano la milima ya Ulaya. Sina ugomvi na ua. Nagombania kwamba halimo! Kupata 30C, tone moja la dawa linazimuliwa kwa matone 99 ya maji au spiriti, tone moja la mchanganyiko huo linazimuliwa tena vilevile, na kuendelea hivyo mara 30. Ukipita mara ya 12, huna hakika kama imebaki hata molekuli moja ya ua. Kinachosalia wananyunyizia kwenye sukari. Na kadiri unavyozimua, wanasema, ndivyo nguvu inavyozidi. Muuza maziwa wa mtaani kwetu tumemtukana miaka yote kwa kutia maji, kumbe alikuwa anayaongezea nguvu.

Mwenye elimu hii ya kuzimua dawa ni Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790, akiwa mzima, alimeza gome la mti unaotoa kwinini, akahisi dalili kama za malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Angetuuliza sisi tuliomezeshwa kwinini utotoni mpaka masikio yakalia, tungemwambia alale kidogo, itapita. Yeye akaandika vitabu. Tena akaagiza kila dawa ikizimuliwa, chupa igongwegongwe kwenye kitu kigumu chenye kunesa, mathalani kitabu cha jalada la ngozi. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilizipitia tafiti nyingi, likasema halikuona ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba tiba hii inaufaa. Mwaka 2021 bima ya afya ya Ufaransa ikaacha kulipia dawa za aina hii. Nilimsomea shemeji hayo yote nikiwa nimejishika mshono. Akasema Wafaransa wana roho mbaya.

Ningevumilia. Sukari haijawahi kunikosea. Kilichonitoa machozi ni masharti: punje zisiguswe kwa mkono, na nisinywe kahawa wala nisipige mswaki kwa dawa yenye mnanaa, eti zinaua nguvu. Dawa inayopita mara 30 kwenye maji na bado inatisha, inauawa na kikombe cha kahawa! Muuza kahawa anapita dirishani akigonga vikombe vyake, mimi nimelala na mdomo unanuka, mshono unawaka, mke wangu anazunguka na panadol kwenye kanga akingoja mdogo wake atoke.

Na mtu huyu humshindi. Usiku maumivu yalipozidi, akafurahi: dawa huanza kwa kuamsha ugonjwa. Yalipopungua, kama jeraha lolote lililoshonwa vizuri linavyopungua, akapigia ukoo mzima simu kutangaza ushindi. Nikikohoa bado panavuta, na hilo nalo ana jibu lake: nguvu niliyotumia ni ndogo, nahitaji 200C. Kichupa kimeshaagizwa, kwa pesa yangu. Bei yake iko juu kidogo, maana kimezidi kutokuwa na kitu.