Duka la Kitu Kimoja

Nilipopata viza ya kwenda London kumtembelea dada yangu, habari zilifika sokoni Giakanja kabla yangu. Mama alichana karatasi katikati ya daftari la hesabu, lile la miraba, akaniandikia mambo matatu kwa herufi kubwa kama mtu anayeandika wosia: MWAVULI USIOPINDUKA. KOFIA YA BABA MDOGO. PICHA YA UKUTANI, SI KALENDA.

"Mwalimu," akaniambia, maana tangu niajiriwe mama hanitaji tena kwa jina, "usiende kwa Malkia ukaturudia na chokoleti."

Nikamkumbusha kwamba Malkia alishafariki, sasa kuna Mfalme.

"Basi mpe pole. Mama yake alipanda mti huku kwetu."

Ni kweli. Februari 1952 Elizabeth alipanda Treetops, hoteli ya juu ya mti ndani ya msitu wa Nyandarua, akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia. Mama huisimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeishika ngazi.

Kabla sijaendelea, nieleze kwanza duka ni nini kwetu. Duka la jirani yetu lina dirisha la nondo, na nyuma ya nondo hizo kuna mkate, misumari, vocha, daftari, sukari ya kupima, dawa ya minyoo ya mbuzi na mafuta ya taa. Usipokuta unachotaka, mwenyewe hakwambii hakuna, anakwambia kesho. Na ukiomba kiberiti, hakuulizi unakwenda kuwasha nini.

London nilikuta maduka yameshikwa na ugonjwa wa kitu kimoja. Paxton & Whitfield wanauza jibini tangu 1797. James Smith & Sons wanauza miavuli na bakora tangu 1830. Lock & Co. wanauza kofia tangu 1676. Nyeri yetu, iliyoanza kama kituo cha wakoloni mwaka 1902, haijafikisha hata nusu ya umri wa kofia hizo. Maduka hayo matatu niliyatazama kupitia kioo tu, kama mtoto anavyoitazama keki ya harusi ya jirani. Masaibu yangu yalinikuta katika vijiduka vya vichochoroni ambavyo sitavitaja, kwa kuwa makosa yalikuwa yangu mwenyewe.

Nilianza na mwavuli. Ndani ya duka alikuwamo mzee aliyevaa kizibao, mnyamavu kama shemasi.

"Mwavuli wa nani?" akauliza.

"Wa mama."

"Mama ana urefu gani?"

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na mkopo wa Sacco, na sijawahi kumpima mama. Nikaonyesha begani. Akauliza kama mama huutegemea mwavuli anapotembea au huubeba kwapani. Akauliza upepo wa kwetu hutoka upande gani. Nikamweleza kwamba unashuka kutoka Nyandarua, na Julai huja na ukungu na baridi ambayo haibishi hodi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kisha akauliza mpini uwe wa mti gani. Nikasema mutamaiyu, mzeituni mwitu, maana ndio mti wa bakora niliokuwa na hakika nao. Akaandika. Hapo nilijihisi mtu muhimu. Hakuna aliyewahi kuandika jambo nililolisema, wala wanafunzi wangu.

Kisha akataja bei: pauni 140. Kwa hesabu ya haraka ni zaidi ya shilingi elfu ishirini, yaani mbuzi wawili wenye heshima zao.

Nikafanya analofanya mtu yeyote aliyelelewa na soko la Karatina. Nikacheka kicheko cha masikitiko, nikauweka mwavuli mezani kama mtu anayeuaga mwili, nikaanza kuelekea mlangoni polepole ili aniite. Ninyi mnaujua mwendo huo. Mguu mmoja unaondoka, mwingine unasikiliza. Karatina hufiki hatua ya nne kabla hujasikia, "Mteja, kuja basi, uko na ngapi?"

Nikapiga hatua ya nne. Nikapiga ya saba. Nikasimama kutazama bakora zisizonihusu. Kimya. Nikajifanya nimesahau kitu, nikarudi hadi mezani, nikapapasa mifuko, nikaondoka upya, safari hii polepole zaidi. Yule mzee akainuka. Moyo wangu ukaruka: amekubali! Akanipita kwa adabu kubwa, akanifungulia mlango.

Kwenye kofia nitapita haraka, kama nilivyopita siku ile. Muuzaji alitaka kipimo cha kichwa. Nikampigia simu baba mdogo, naye, baada ya kutafuta kamba ya kufungia ndama, akajipima na kutangaza, "Futi mbili kasoro vidole vitatu!" Muuzaji akauliza vidole vya nani. Tukaachana hapo.

Ikabaki picha. Dada alikuwa ameniambia kwamba Cork Street, mtaa wa Mayfair, ni galari kwa galari. Akanionya nivae vizuri. Nikavaa koti la mahafali yangu.

Galari niliyoichagua ilikuwa na mlango uliofungwa na kengele ya kubonyeza. Kwetu duka lililofungwa limefungwa. Nikasubiri nje dakika kumi mwenyewe arudi, hadi msichana mmoja akatoka kuniuliza kama niko salama. Ndani kulikuwa na kuta nyeupe, sakafu iliyong'aa kama sufuria mpya, na ukutani, mbele ya macho yangu, magunia. Magunia makuukuu ya jute, yaliyounganishwa kwa uzi, kutoka darini hadi sakafuni.

Nilishusha pumzi. Hatimaye kitu ninachokijua! Nimekulia juu ya magunia. Nikasogea kama daktari anavyomsogelea mgonjwa. Nikamwonyesha msichana kwamba hili lilibeba kilo 60, kwa kuwa ndicho kipimo cha gunia la kahawa ya kusafirishwa. Lile lilitobolewa na ndoano ya wapagazi. Lile pale lilishonwa na mtu mwenye haraka, maana shazia imeruka mara mbili. Na hili la chini, nikasema nikitikisa kichwa, lililala kwenye unyevu, huwezi kumpa mtu kahawa ndani yake.

Msichana alinitazama kwa namna ambayo mke wangu hajanitazama tangu 2011. Akaita mwenzake. Nikaletewa maji yenye povu na karatasi nzito ya bei. Nikazihesabu sifuri zake moja moja kwa ukucha. Kwa fedha zile ungenunua magunia yote ya Tetu kwetu, kahawa ikiwa ndani, na pikipiki ya kuyabeba.

Baadaye dada alinieleza kwamba fani hiyo ina wakubwa wake. Ibrahim Mahama wa Ghana amekwisha kuvika majengo mazima magunia, na Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, badala ya turubai. Sicheki kazi zao. Nilichojifunza pale ni kwamba maelezo niliyoyatoa bure kwa dakika tano ndiyo yaliyokuwa yamejaa ile karatasi nzito. Gunia ni lilelile. Kilichoongezwa ni habari zake.

Nilipotoka, mvua ilikuwa inanyesha. Nikanunua mwavuli wa pauni tano kwa mchuuzi wa kando ya barabara, ambaye hakuniuliza urefu wa mtu yeyote. Ulifika Trafalgar Square ukiwa mzima. Pale upepo ukaupindua, mbavu zikachomoza, nikabaki nimeshika kitu kinachofanana na kuku aliyenyonyolewa. Nikakimbilia jengo la karibu lenye nguzo kubwa nikidhani ni benki. Kumbe ni National Gallery, ambako kuna picha zaidi ya 2,000 na kuingia ni bure. Tangu siku ile nawaheshimu sana watu wanaoweka picha karibu na mahali pa kukwepa mvua.

Duka la humo ndani ndilo lililonitendea haki. Lina bei iliyoandikwa, na halina kengele. Nikanunua bango la alizeti za Van Gogh, zile alizozichora mwaka 1888, nikalikunja kwa uangalifu. Mama atapata picha, na si kalenda.

Siku mbili kabla ya kuondoka, dada alinipeleka kwenye duka la kahawa karibu na kwake. Na hapa, msomaji, ilinibidi nishike kaunta. Kwenye rafu kulikuwa na pakiti, na kwenye pakiti, kwa herufi kubwa kuliko zile za mama, palikuwa pameandikwa GIAKANJA.

Jina hilo nimelisikia likiitwa na makanga stendi ya Nyeri, nimelisoma kwenye risiti za kahawa za marehemu baba, nimeliandika juu ya bahasha za barua. Sikuwa nimewahi kuliona likiuzwa. Chini yake: Nyeri, Kenya. SL28 na SL34. Zaidi ya mita 1,700. Gramu 250, pauni 14.

Kijana wa kaunta, mwenye ndevu za nabii na aproni ya ngozi, akaanza kunifundisha kuhusu "Jayakanja". Akaeleza kwamba SL ni Scott Laboratories, maabara ya Kabete ambako aina hizo zilichaguliwa miaka ya 1930. Sisi huiita tu "ile ya zamani", na maafisa wa kilimo wametusihi miaka nenda rudi tupande Ruiru 11 isiyougua ovyo.

Dada akashindwa kuvumilia. "Huyu anatoka hapo," akasema.

Kijana akanitazama, akaitazama pakiti, akanitazama tena, kana kwamba nimechomoka humo. Akaita wenzake. Nikatengenezewa kikombe bila maziwa wala sukari, wakanizunguka kusubiri neno kutoka kwa mwenye kahawa. Sasa aibu ilikuwa hii: kwetu tunakunywa chai. Kahawa tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, tunasubiri malipo, basi. Nikanywa. Uso wangu ukafanya mambo yake wenyewe.

"Unaonja nini?" akauliza kwa upole.

Sikuwa na jibu, nikasema la kweli. Nikamwambia kahawa ninayoijua mimi ni ile mbivu, nyekundu, mtini. Tulipokuwa watoto tulizibonyeza mdomoni tukanyonya ule utamu wa ganda, na mama alitufinya masikio kwa sababu tunakula uzito wa kilo.

Yule kijana akafumba macho. "Ndiyo hasa," akanong'ona.

Hakupunguza hata peni moja.

Nyumbani, mama alivipokea vitu kwa utaratibu. Mwavuli haukuwapo, nilimsimulia ule mwendo wangu wa mlangoni hadi akafuta machozi kwa leso. Kofia ya baba mdogo niliipata Karatina kwenye mitumba, shilingi 250, na ndani yake kuna kitambaa kimeandikwa London, kwa hiyo sikusema uongo. Mbele ya bango la Van Gogh alisimama kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, alizeti hizi zimeiva zikapita. Aliyezichora alichelewa kuvuna." Akatua. "Ile ya Murang'a ni nzuri zaidi." Alikuwa akikumbuka safari ya akina mama wa kanisa kwenda kanisa kuu la Murang'a, ambako Elimo Njau alichora ukutani, mwishoni mwa miaka ya 1950, Yesu anayezaliwa katika nchi inayofanana na yetu. "Na pale hatukubonyeza kengele."

Kisha akaigeuza pakiti. Nikamtafsiria maandishi: ladha ya beri nyeusi, balungi, na nyanya kwa mbali.

"Nyanya?" Akakasirika. "Nani ameweka nyanya kwenye kahawa yangu? Mwambie katikati ya mibuni tulipanda maharage!"

Akauliza bei. Nikamwambia. Mama hakusoma sana, lakini kwa hesabu hajawahi kukosa. Buni mbivu, kilo sita au saba, hutoa kilo moja ya kahawa safi, na ikikaangwa hupungua tena. Basi pakiti hii ni kama kilo mbili za mtini. Tuseme mwaka mzuri, shilingi mia kwa kilo.

"Mia mbili," akasema. "Na wewe umelipa zaidi ya elfu mbili. Zilizobaki ni za nini?"

Nikataja kukoboa, meli, kukaanga, kodi ya pango, aproni ya ngozi. Akawa anakunja kidole kwa kila moja. Kikabaki kidole kimoja. Akakitazama, akaitazama pakiti, akasema polepole, "Na maneno."

Kahawa yenyewe aliichemsha na maziwa, sukari na tangawizi, akasema inafaa. Pakiti aliiosha, akahifadhia mbegu za maboga.

Jumamosi iliyofuata nilipita njia panda anakouzia avokado. Gari kubwa la Nairobi lilikuwa limesimama, na bwana mmoja ameinama juu ya beseni.

"Hizi si avokado za hivi hivi," nikamsikia mama. "Ni za mti mmoja tu. Aliupanda marehemu mzee wangu, upande wa jua la asubuhi. Utaonja siagi, utaonja njugu, na mwisho kabisa, nyanya kwa mbali."

"Nyanya?"

"Kwa mbali. Hamsini moja."

Hamsini! Jana yake zilikuwa ishirini, na nyongeza juu. Bwana akacheka kicheko cha masikitiko. Akairudisha avokado ndani ya beseni, akaanza kuelekea kwenye gari lake polepole, mguu mmoja unaondoka, mwingine unasikiliza.

Mama hakumwita. Aliinuka, akakaza leso yake, akampita kwa adabu kubwa, akamfungulia mlango wa gari.

Alinunua tisa.