Naomba Zile 49: Barua ya Wazi kwa Baraza la Michezo la Taifa

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Michezo la Taifa,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa, sisi huku Qurum, Maskati, hatujambo, joto tu. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Baba yangu alizaliwa Unguja, mimi Maskati, na fedha zangu, alhamdulillahi, zimezaliwa hapahapa. Nimefika umri ambao mtu wa hali yangu ama huoa tena, ama hugombea Majlis Shura, baraza la kuchaguliwa la Oman, ama hutafuta timu ya mpira. La kwanza mama watoto amelikataa kwa kauli nzito. La pili lina foleni ya binamu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Mtauliza kwa nini nisinunue timu ya huku. Haiuzwi. Oman ilianza ligi ya kulipwa msimu wa 2013/14, lakini klabu ziko chini ya Wizara ya Utamaduni, Michezo na Vijana. Tajiri anakaribishwa atoe, anashukuriwa, anamiminiwa kahawa, anaondoka na tende mfukoni. Hisa hakuna. Ali al-Habsi alitoka kazi ya zimamoto pale uwanja wa ndege akaenda kudaka Bolton na Wigan, na mtu wa Qurum hakuwa na hisa ya kununua apate kujigamba kwamba yeye ndiye aliyemlea. Alasiri maji yakitoka, vijana wanacheza ufukweni Shati al-Qurum mpaka adhana ya Magharibi, bila kiingilio. Mwenye nia ya kupoteza fedha kwa heshima hapa hana pa kuanzia.

Kwenu njia ipo, na nimewasoma waliotangulia kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Nilianza na Azim Dewji, mfadhili wa klabu ya Simba. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, na inasimuliwa mpaka leo kwamba mfadhili huyo aliahidi kila mchezaji gari wakilitwaa. Wakatoka sare Abidjan na Stella ya Ivory Coast, wakarudi Dar es Salaam, wakafungwa 2-0 mbele ya Rais Mwinyi. Mhasibu wangu anasema hajapata kuona uwekezaji safi kama ule: sifa imedumu zaidi ya miaka 30, na gari halikutoka.

Marehemu Yusuf Manji, Mungu amrehemu, yeye mwaka 2016 alitaka kuikodi klabu ya Yanga kwa miaka 10, faida asilimia 75 kwake na 25 kwa klabu. Wanachama walishangilia. Ninyi mkaziba mlango. Nikajua kupanga hamtaki.

Bakhresa simwigi, simuwezi. Ana Azam FC yake mwenyewe, ana uwanja Chamazi, na kampuni yake ya televisheni ilisaini mwaka 2021 kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 ili kuonyesha ligi ambayo timu yake imeichukua mara moja tu, 2013/14. Huo ni uvumilivu, na uvumilivu haukuwahi kuwa mtaji wangu.

Kwa hiyo nikatulia kwa Mohammed Dewji, yule Mo. Huyu aliwahi kuinunua Mbagala Market ikawa African Lyon, ila mashabiki hawakuandikwa kwenye hati ya mauzo. Akaenda walipo. Desemba 2017 wanachama wa Simba walimpitisha kwa ahadi ya bilioni 20, na serikali ikasema tajiri asizidi asilimia 49, ile 51 ibaki kwa wanachama. Hapo katikati Tume ya Ushindani ikawa na maswali yake, vijiwe navyo vikawa na swali moja tu, fedha ziko wapi? Julai 2021 ikaonyeshwa hundi ya mfano. Na tuseme haki: miaka hiyo Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, kwa hiyo anayemcheka Mo achekee pembeni.

Kilichonivutia zaidi ni ufundi wa kuondoka. Januari 2020 Simba ilifungwa na Mtibwa Sugar fainali ya Mapinduzi, akatangaza mtandaoni kwamba anauacha uenyekiti wa bodi. Hakuuacha. Septemba 2021 akauacha kweli. Mwaka 2024 akarudi. Nchi nzima ilikuwa ikisubiri simu yake iwake, halafu kwenye karatasi huyo ndiye mwenye fungu dogo!

Na hapa, Mheshimiwa, ndipo nataka kuisifu kanuni yenu, maana wengi wanaisema vibaya bila kuisoma. Wanadhani mmempunja tajiri. Mimi nimekaa nayo usiku kucha na kalamu, na naapa sijaona fungu tamu kama 49. Timu ikishinda, mwenye 49 anabebwa juujuu. Timu ikifungwa, kosa ni la kocha, la mwamuzi, la viongozi waliochaguliwa na wale wenye 51. FIFA ikiifungia klabu kusajili kwa sababu ya mshahara wa mchezaji wa kigeni, barua inakuja kwa jina la klabu. Mwenye 49 anaisoma gazetini kama ninyi. Jezi ina nafasi kifuani, mgongoni na mikononi, na bidhaa zangu ni nyingi. Mwanachama mwenye 51 ana kadi, ana ada ya mwaka, na ana haki ya kunyoosha mkono siku ya mkutano mkuu, pale anapoulizwa kama anataka fedha au hataki fedha. Kule Lubumbashi Moïse Katumbi hana pa kujificha: TP Mazembe yake ikilala, watu wanajua mlango wa kugonga. Kwenu mlango wa kugongwa uko kwa wanachama, na wanachama hawana mlango. Hata mkinipa hiyo 51 bure, nitairudisha kwa posta.

Mambo machache yamenitatiza. Kanuni inataka wawekezaji wasiopungua watatu. Nimeshawapata: mimi, kampuni yangu, na shemeji yangu, ambaye bado hajaambiwa. Je, inatosha?

Pili, napenda pia kuidhamini ligi yenyewe. Najua GSM, wafadhili wa Yanga na washonaji wa jezi zake, waliingia udhamini mwenza wa ligi Novemba 2021, Simba wakakataa kuivaa nembo, na kufika Februari 2022 wameshajitoa. Mimi nitakuwa mwangalifu. Nembo yangu itakuwa ndogo, na waamuzi nitawapa saruji wote kwa usawa.

Tatu ni hundi. Mafundi wa mabango hapa Maskati wanaitengeneza ya ukubwa wowote. Nawaombeni vipimo rasmi mapema, maana ndege ina masharti ya mizigo, na ile ya kuingia benki hatujaamua bado itakuwa ya ukubwa gani.

Naomba jibu kabla dirisha dogo la usajili halijafunguliwa. Barua yangu ya kujiuzulu nimeiambatanisha pamoja na maombi haya, tarehe nimeiacha wazi. Kama lazima ipitie kwenu kwanza ipigwe muhuri, nijulisheni ada yake.

Wenu mtiifu,
Mwekezaji Mtarajiwa,
Qurum, Maskati.