Namna ya Kupima Miombo Iliyodumaa Bila Kuchoka

Umetumwa kupima uoto wa vilele vya Umatengo, juu ya Mbinga, ambako upepo, mwamba na moto vimeifanya mikusu, miti ya miombo, idumae. Usihofu, ndugu yangu. Posho ni ileile ya msitu mnene.

1. Nenda Septemba au Oktoba. Majani machanga ya miombo huwa mekundu, picha zitapendeza. Tena moto umeshapita, na nyasi zilizoungua hakuna atakayekudai majina yake.

2. Kitabu cha mwongozo kinataka ploti ipatikane kwa bahati nasibu. Basi bahatisha, mpaka bahati ikuangukie penye kivuli, karibu na pikipiki, Ziwa Nyasa likimeremeta kule chini.

3. Nusu kipenyo cha ploti ni mita 15, na hupimwa kwa usawa, siyo kwa kufuata mteremko. Wewe ilaze futi kamba ardhini. Duara litasinyaa lenyewe na kazi itapungua. Kwenye miteremko hii, ambako Wamatengo wanachimba ngoro ili udongo usikimbilie bondeni, utawahi chai.

4. Unene wa mti hupimwa mita 1.3 kutoka chini. Mkusu wa kileleni umeshagawanyika magotini, na hapo huna haja hata ya kudanganya: shina likigawanyika chini ya kipimo hicho, kila tanzu linahesabiwa mti. Kijiti kimoja, miti mitano! Bosi atashangaa msitu huu ulijificha wapi. Mwache ashangae.

5. Piga picha ukiwa umesimama wima. Ni wapi tena mtafiti atauzidi mti kimo?

6. Sampuli ni mzigo. Mwaka 1956 wataalamu wa mimea Milne-Redhead na Taylor walizunguka wilaya ya Songea, Mbinga ikiwa bado ndani yake, wakikausha mimea kwa uvumilivu wa ajabu. Nakili orodha yao. Mti usio na maua uite Brachystegia, jenasi ya miombo. Ukikosea, umekosea kisomi.

7. Yatakayobaki, muulize mzee aliyekuongoza njia. Atakutajia kila mti kwa Kimatengo, unaofaa mpini, unaotibu tumbo, unaozaa masuku matamu. Itikia "ndiyo, babu" huku ukiandika haraka. Kwenye ripoti, mshukuru ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: "wenyeji".