Maskini wa Kupimwa kwa Rula

Shemeji yangu aliongezwa mshahara, akanipigia saa nne usiku kwa sauti ya msiba. "Shem, nimeharibikiwa. Sasa napata elfu ishirini na mia nne."

Nilimwelewa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imetupanga Wakenya kama mikebe dukani: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, nyumba za jamii; kutoka hapo hadi 149,000, nyumba nafuu; ukizidi, wewe tabaka la kati, na makofi upigiwe. Zile mia nne, nauli ya siku mbili akibahatika na mvua isinyeshe, zimemvusha mstari. Kuanzia mwezi huu yeye si hohehahe. Ameandikwa hivyo, japo mwenye nyumba bado anambishia mlango tarehe tano.

Ushuru wa nyumba, lakini, haujawahi kumuuliza mtu kama anastahili. Asilimia 1.5 ya mshahara wote, kabla hujaunusa. Kwenye hati yake ya mshahara imekaa pale chini, shilingi 306, imenyooka kama askari wa gwaride.

Jumatatu anakwenda kwa bosi. Anaomba kushushwa cheo.