Tondozi ya Mla RAM

Wahenga walitunga tondozi za majemadari, za mashujaa na hata za ng'ombe. Hakuna aliyemkumbuka yule bwana, programu ya chinichini, anayeishi ndani ya kompyuta bila dirisha wala alama ya kubonyeza, anayeamka kabla mwenye mashine hajagusa kitu, kisha akala kumbukumbu, yaani RAM, mpaka kipanya kikagoma kusogea. Wenye wivu humwita kero. Mimi namwita mheshimiwa, na sababu ninazo.

Tuanze na nasaba yake, maana mheshimiwa huyu si mtu wa juzi. Ukoo wa svchost.exe uliingia mjini pamoja na Windows 2000. Kazi yake ni kuzibeba huduma za mfumo zisizoweza kujiendesha peke yazo: masasisho, ratiba ya kazi, upakuaji wa chinichini na nyingine nyingi. Kwa miaka mingi huduma hizo zilirundikwa kadhaa ndani ya svchost moja. Ukichungulia kwenye Task Manager, uliona svchost inakula, lakini ni nani hasa aliyekuwa akila humo ndani? Huo ulikuwa ulaji wa kamati, na kamati haina uso. Mwaka 2017 Windows 10 ikaharibu ustaarabu huo. Kwenye mashine yenye RAM ya kuzidi GB 3.5, huduma nyingi zilipewa svchost zake, kila moja na yake. Tangu hapo mlaji anajulikana kwa jina.

Wa ukoo huohuo wa waheshimiwa ni SuperFetch, aliyekuja na Windows Vista mwaka 2007. Huyu huchunguza unapenda kufungua nini na saa ngapi, kisha anakupakilia kwenye RAM kabla hujaomba. Watu walipomlalamikia kwamba anaijaza RAM na kuisumbua diski, wakubwa walichukua hatua madhubuti: mwaka 2018 jina lake kwenye orodha ya huduma likawa SysMain. Tabia aliendelea nayo.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni usawa. Mheshimiwa anayevuja, yaani anayechukua kumbukumbu na kusahau kuirudisha, habagui tajiri na maskini. Laptopu ya GB 4 iliyotumika Dubai ikauzwa Kariakoo ataijaza kabla ya adhuhuri. Mwongezee ziwe GB 16, naye atazijaza zote, ila atachelewa kidogo. Hajawahi kuridhika na kidogo, na wauza RAM wanamwombea maisha marefu.

Ya pili ni kujenga jamii. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mizigo kwenye faili la pagefile.sys, lililoko diskini. Kama diski ni ile ya kuzunguka, kuifikia huchukua muda mrefu kuliko kuifikia RAM kwa makumi ya maelfu ya mara. Ndiyo maana kwenye steshenari mtu aliyekuja kuchapisha barua ya maombi ya kazi, na mwisho wa kupokea ni saa tisa, hupata nafasi ya kumjua dada wa mashine, watoto wake, na maoni yake kuhusu bei ya unga. Mashine iliyo nyepesi isingewakutanisha.

Ya tatu ni ushujaa. Tarehe 22 Oktoba 2012, kwenye vituo vya data vya Amazon vya Virginia ya Kaskazini, Marekani, palikuwa na programu ndogo ya kukusanya taarifa za hali ya seva za kuhifadhi data. Karani tu, tena taarifa zake hazikuwa na haraka. Seva moja iliyokuwa ikizipokea iliharibika, ikawekwa nyingine, lakini anwani mpya haikuwafikia makarani wote. Waliokosa habari waliendelea kuibishia hodi seva iliyokufa, na kosa lililojificha ndani ya programu likafanya kumbukumbu ivuje kidogokidogo. Hatimaye seva nyingi ziliishiwa RAM, zikashindwa kuhudumia wateja, na tovuti kubwa kama Reddit zikaanguka kwa saa kadhaa. Majemadari wangapi wameiangusha miji mingi hivyo bila kunyanyua sauti?

Ya nne ni kutokufa. Mtovu wa adabu humshika, akabonyeza End task, akashangilia. Hajui kwamba huduma nyingi za Windows zimeandikiwa maelekezo ya kufufuliwa zikianguka. Dakika moja baadaye mheshimiwa amerudi kitini. Kwenye Linux kuna hata kinga rasmi: kumbukumbu ikiisha kabisa, kiini cha mfumo huchagua wa kuuawa kwa kupima nani anakula zaidi, lakini aliyeandikiwa alama -1000 haguswi. Si ajabu basi hifadhidata iliyokuwa ikichapa kazi kihalali ikaangushwa, na mwenye kinga akabaki anatazama.

Anao maadui, na sitawaficha. Wapo wanaobonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, wakafungua Task Manager, wakapanga orodha kwa safu ya Memory, wakaandika tarakimu kwenye karatasi, kisha baada ya saa moja wakaja kulinganisha. Ufidhuli ulioje! Wanadai kwamba kula sana si kosa, maana RAM iliyokaa tupu haifanyi kazi yoyote, na akiba aliyoweka SysMain huachiwa programu nyingine ikihitaji. Wanayemsaka ni yule ambaye tarakimu yake hupanda tu wala haishuki, hata kama hakuna anayegusa mashine. Wakimpata, hawamuui. Wanaifungua svchost kuona huduma iliyomo, wanazima kitu kimoja kimoja ili wajue chanzo, wanatafuta toleo jipya la dereva au la programu. Watu wa namna hii hawana furaha maishani.

Afadhali wafuasi wake waaminifu. Hawa huzima na kuwasha, ushahidi wote ukafutika, na kesho asubuhi hesabu ikaanza upya. Wengine humpelekea fundi, naye bila kuuliza swali akapiga Windows upya na kupokea chake. Lakini wanaonikosha zaidi ni wale wanaopakua programu ya kusafisha RAM. Nayo hukaa wapi muda wote? Humohumo kwenye RAM, chinichini, ikianza kila mashine inapowashwa. Mheshimiwa amepata msaidizi.

Kwa hiyo tusimsimange. Wengi wa kundi lake hawakuvunja mlango. Walisimama mbele yetu siku ya kusakinisha, wakaomba ridhaa yetu ukurasa baada ya ukurasa, nasi tukawapigia kura kwa mkono mwepesi: Next, Next, Next, Finish. Kisanduku cha kuwaruhusu waanze pamoja na kompyuta kilikuwa na tiki tayari, nasi hatukukisoma. Muhula wao hauna kikomo, na uchaguzi mwingine hautaitishwa mpaka mwenye mashine afungue orodha ya Startup, asome majina, na aulize kila mmoja ameletwa na nani.