Ligi ya Vinasaba: Kitale, Bungoma na Mlima Wao

Ukitaja DNA kwenye steji ya Kanduyi, watu wanageuka kuuliza mtoto ni wa nani. Leo hakuna mtoto. Tunapanga ligi ya viumbe wa Kitale, Bungoma na Mlima Elgon, kuanzia mkiani. Uzuri hauna alama hapa. Alama ni kwa vinasaba vilivyomsaidia mtu kuamua jambo. Kelele zinaruhusiwa.

5. Senesio mkubwa wa Elgon
Ule mti wa huko juu unaojivika majani yake makavu kama koti. Mwaka 1995 watafiti walisoma vinasaba vyake wakakuta ukoo wake ulianzia Kilimanjaro, ndipo ukaenea mlima hadi mlima. Kumbe fahari ya Elgon kwao ni Tanzania! Hadithi tamu, kazi kidogo.

4. Mrenda
Bungoma, tulieni. Mrenda umo kwenye orodha ya mazao 101 ya Afrika ambayo muungano wa wanasayansi wenye maabara Nairobi umejitwika kusoma jenomu zake. Saga, mboga mwenzake, nayo imo. Lakini kwa sasa anayezilinda mbegu za mboga hizo kuliko maabara yoyote ni kukhu (nyanya yako) na mkebe wake wa mbegu. Alama nusu ziende kwa kukhu.

3. Twiga wa Soy
Walizurura njia ya Eldoret kwenda Kitale wakiitwa twiga wa Rothschild, mpaka mashamba yakawabana na miaka ya 1970 baadhi yao wakahamishiwa Nakuru na Lang'ata. Mwaka 2016 vinasaba vikaonyesha kuwa twiga si spishi moja bali nne, na 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikakubali. Wa Soy ni wa kundi la kaskazini, lenye twiga wachache kuliko yote. Basi usipakie twiga yeyote kwenye lori ukamshusha popote, ukidai shingo ni shingo. Shaba.

2. Mahindi ya Kitale
Trans Nzoia, wekeni jembe chini kwanza. H611 ilitoka Kitale mwaka 1964: upande mmoja Kitale Synthetic II, upande wa pili mahindi ya Ecuador. Ndugu waliotengana bahari nzima wakakutana, magunia yakajaa. Na ugonjwa wa mahindi wa MLN ulipozuka Bomet mwaka 2011, kinga ilipatikana kwenye mahindi ya Thailand, na vialama vya DNA vikasaidia kuihamishia kwenye mbegu za huku. Ugali wako una wakwe mabara mawili. Mbona si bingwa? Soma chini.

1. Kinyesi cha ndovu
Ndiyo, kinyesi. Ndovu wa Elgon huingia gizani kwenye pango la Kitum kuchokoa chumvi kwa pembe zake. Kinyesi cha ndovu yeyote hubeba chembe za utumbo wake, na humo mna DNA. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitumia kinyesi cha ndovu wa pande mbalimbali za Afrika kuchora ramani ya DNA yao. Pembe ikikamatwa, inalinganishwa na ramani, na eneo alikotoka ndovu linakadiriwa. Wakakuta hata pembe mbili za ndovu mmoja zimegawanywa kwenye shehena tofauti! Mwaka 2018 wakaonyesha magenge makubwa matatu ya magendo ya pembe, moja likipitishia mzigo Mombasa, jingine Entebbe. Shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, nalo lilifungua maabara yake Nairobi mwaka 2015: ukikamatwa na nyama ya porini ukaapa ni ya mbuzi, nyama inajibu yenyewe.

Mahindi yenu yamewahi kutoa ushahidi?