Hamsini Tu

Ukipata chombo kipya kwetu Njombe, hakuna atakayekuuliza kinakula mafuta kiasi gani. Kuanzia watoto wa shule hadi mzee jirani yangu, swali ni moja: "Inakwenda ngapi hiyo?"

Chombo chenyewe kilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, injini ya cc 500, mtumba kutoka Marekani. Kilinunuliwa na meneja wa shamba la parachichi ambako nilikuwa natunza stoo. Vijana walikibatiza Chura hata kabla hakijashushwa kwenye fuso. Keria mbele, keria nyuma, na ndoano ya kuvutia trela. Klachi hakuna. Unasukuma kijiti kwenye L ukiwa na mzigo, H ukiwa mtupu, R ukirudi nyuma. Na gesi, jamani, haizungushwi. Inasukumwa kwa kidole gumba. Mimi niliyeendesha bodaboda miaka sita nilizungusha mkono siku hiyo ya kwanza hadi kiwiko kikauma. Chura katulia tuli, na akina mama wa kuchambua matunda wakaacha kazi wakanitazama.

Meneja alinikabidhi ufunguo kwa sharti moja: "Ukiwa na mzigo, usipite ishirini."

Ishirini! Nikaitikia "sawa bosi" kwa sauti ya mtu anayemvumilia mgonjwa.

Jumamosi, bosi alipokwenda mjini, nikampeleka Chura kwenye barabara ya changarawe nyuma ya shamba, nikamtafutie mzee jibu lake. Nikaweka H. Kufika thelathini, machozi yakaanza. Arobaini, kofia ikaaga. Usukani ukawa unatetemeka, na kila kijiwe kikawa kinanirusha juu ya siti kama chapati. Nikajilazimisha kutupia jicho mshale wa spidi: 50. Hamsini! Mtu mzima nimewahi kusinzia kwenye kosta iliyokuwa ikifukuzia themanini, leo hamsini inanitoa kamasi? Nikarudi mdogo mdogo, nimejaa vumbi na huzuni ya kuzeeka.

"Hamsini tu, mzee," nikamwambia.

"Hamsini?" Akashuka kwenye baiskeli yake ya Phoenix ili acheke vizuri. "Sasa si boda tu iliyoongezewa matairi?"

Aibu hiyo ndiyo iliyoniponza. Jumatatu nilifunga trela lenye kreti kumi na mbili za Hass, nikaapa kwamba kama bosi kasema ishirini, basi ishirini kamili ataipata, kwenye kona na kwenye mabonde. Trela likawa linaruka nyuma yangu kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Parachichi ikichumwa ni ngumu kama jiwe, ukiitazama utadhani haikuumia. Hata nilizifuta vumbi zile zilizomwagika. Asubuhi yake zilikuwa na madoa meusi, na mnunuzi akazirudisha zote.

"Ulikwenda ngapi?" bosi akauliza.

"Ishirini, bosi. Kwa Mungu."

Alijua nasema uongo, na mimi nilijua nasema kweli, ikabidi aitwe fundi.

Fundi hakugusa injini. Alibonyeza tairi, kidole kikagoma. "Nani kajaza upepo huu?" Nilijaza mwenyewe, 30, kama gari la heshima. Akanionyesha ubavuni mwa tairi: 5. Kumbe tairi hizi zinatakiwa ziwe laini, zilale juu ya mawe zisiyapige. Kisha akalowesha kidole mate, akapangusa vumbi kwenye kioo cha spidi. Chini ya mshale zikatokea herufi tatu ndogo: MPH.

"Hizi ni maili," akasema.

Nikakaa juu ya kreti. Ishirini yangu ya Jumatatu ilikuwa kilomita 32 kwa saa. Na ile hamsini ya Jumamosi, ambayo ilinitoa machozi nikajidharau? Kilomita 80, bila helmeti, juu ya matairi magumu kama ubao. Magoti yangu yakaanza kutetemeka papo hapo, kwa deni la Jumamosi. Fundi akaona anifariji: eti 80 ndiyo kawaida ya cc 500, wakubwa zake wa cc 1,000 wanapita 100, ila vile vigari vya shambani vya kukaa wawili wawili, vingi vinafungwa kiwandani visizidi 40. Nilitamani tungenunua kigari.

Bosi alibandika karatasi kwenye kioo: MWISHO 12. Ndiyo kilomita 19.

Wiki iliyofuata, mzee alinikuta mteremkoni navuta trela. Nikamwita kwa furaha: "Mzee, kumbe siku ile ilikuwa themanini!"

"Juzi hamsini, leo themanini," akasema bila kupunguza mwendo. "Kesho utaniambia inaruka."

Akanipigia kengele ya Phoenix nimpishe, akapita.